Mawe Yaliyoanikwa Juani

Redio ya babu ilinifikia ikiwa ndani ya mfuko wa salfeti, imefungwa kamba ya katani kama kuku anayepelekwa mnadani. Shangazi aliibeba kwenye daladala kutoka Igogo hadi kwangu Nyakato, hapahapa Mwanza, akaitua sebuleni, akashusha pumzi. "Chukua wewe mwenye kupenda mambo ya kale," akasema. "Mimi imenijazia kabati tangu baba alale."

Ni National, ya enzi zile Wajapani wa Matsushita walipokuwa na kiwanda chao Dar es Salaam, wakitengeneza redio na betri zake. Kitambaa alichokifuma bibi kuifunika bado kipo, kimekuwa rangi ya chai. Nilipofungua mgongo nikakuta mawe manne yamevujia humohumo, yameota ukungu mweupe. Mawe ndivyo tulivyoziita betri, na sijui kama vijana wa leo wanalijua neno hilo. Yakianza kuchoka, babu aliyaanika juu ya bati tangu asubuhi, pembeni ya dagaa wa bibi, na jioni yalikuwa yamepata nguvu ya taarifa moja ya habari. Si mbili. Ukisikiliza muziki mchana umeila habari ya usiku, na kosa hilo shangazi analikumbuka kwa fimbo.

Mimi nimezaliwa 1981. Vita vya Kagera, vile vya 1978 na 1979 kati yetu na Uganda ya Idi Amin, nimevijua kwa masikio tu, na kadiri ninavyowauliza watu wa hapa Mwanza ndivyo ninavyogundua kwamba wengi waliokuwa hai wakati huo nao walivijua kwa masikio. Mstari wa mbele ulikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa. Lakini reli kutoka Dar inaishia hapa, na mtu wa kwenda Bukoba anapanda meli hapa. Kwa hiyo Mwanza ilikuwa mahali pa ajabu pa kusikilizia redio: mbali kiasi cha kuihitaji, karibu kiasi cha kuweza kuisahihisha.

Babu alikuwa karani wa mizigo relini. Nitarudi kwenye hilo.

Kabla ya redio kusema lolote, anasimulia shangazi, alifika nyumbani mama mmoja na watoto watatu kutoka Bukoba, ndugu wa jirani, wakakosa pa kulala huko wakalazwa kwetu. Ilikuwa Oktoba 1978. Walisema ndege za Amin zimeupiga mji, vioo vimevunjika, watu wanahama na magodoro kichwani. Babu akafungua redio. Redio ikasoma habari za kilimo. Yule mama akaitazama ile redio, kisha akamtazama babu, kama mtu aliyeitwa mwongo mbele za watu.

Siku chache baadaye hakukuwa tena na la kuficha. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Radio Uganda ikatangaza kwamba maili za mraba 710 za Kagera sasa ni mali ya Uganda, na kwamba kazi yote ilichukua dakika 25. Mtu anayeijua ile barabara ya Kyaka anajua kwamba dakika 25 hazitoshi hata kubadilisha tairi la basi. Lakini babu alilisikia, na alilisikia kwa Kiswahili. Watu husahau kwamba ni Amin huyohuyo aliyekifanya Kiswahili lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973, na jeshi lake liliamrishwa kwa Kiswahili. Vita vile vilikuwa vya redio mbili zinazotukanana kwa lugha moja, na msikilizaji wa kando ya ziwa alikuwa na uwezo wa kuzungusha kitufe akasikia zote mbili bila mkalimani. Amin aliwahi kumtaka rais wetu, Mwalimu Nyerere, wapande ulingoni wapigane ngumi, Muhammad Ali awe refa. Nyumbani kwetu hilo lilichekwa hadi bibi akamwaga uji.

Tarehe 2 Novemba hakuna aliyecheka. Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na Radio Tanzania ikaipeleka sauti ile nchi nzima. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Sehemu hii kila Mtanzania anaijua, hata aliyezaliwa juzi. Imekuwa ya kutania timu za mpira. Mimi pia niliikariri bila kuisikia. Ni mwaka jana tu, nikiwa kwenye foleni ya pantoni Kamanga, ndipo kitu kimoja kilinigusa.

Alisema *kumpiga*. Hakusema *kuwapiga*.

Lugha yetu haikubali uvivu hapo. Ukimtaja mtu wa kupigwa, kitenzi chenyewe kinataka kujua: ni mmoja au ni wengi? Mwalimu, ambaye lugha ilikuwa kazi yake tangu yuko darasani, aliweka mmoja. Majeshi yalikuwa maelfu, vifaru vilikuwa vimevuka, daraja la Kyaka lilikuwa linakaribia kulipuliwa, na bado adui katika sentensi ile alikuwa mtu mmoja. Redio ikashika hapohapo. Kuanzia siku ile hadi mwisho, katika taarifa, katika nyimbo za bendi, katika mashairi ya wasikilizaji, adui alikuwa nduli. Nduli Idi Amin. Neno lenyewe ni la zamani, maana yake muuaji, mtu katili asiye na huruma, lakini vita ilipokwisha lilikuwa limemgandia mtu mmoja kiasi kwamba mpaka leo ukisema nduli peke yake, mzee yeyote anajua unamsema nani.

Je, hiyo ilikuwa propaganda? Ilikuwa propaganda, na ya kila siku. Lakini ngoja nisimulie ya fundi cherehani.

Mtaa wetu ulikuwa na fundi Mganda, amekuja kabla ya uhuru, ana mke Msukuma, ana cherehani ya miguu barazani. Wiki ileile ya hotuba, vijana watatu walimzunguka wakaanza kumtukana, mmoja akaupiga teke mkebe wake wa vifungo. Babu alikuwa anatoka kazini. Shangazi anasema hakupandisha sauti. Aliinama akaokota vifungo kimoja kimoja, kisha akawauliza: "Kwenu kuna redio?" Wakasema ipo. "Basi mmeisikia. Anayepigwa ni mmoja. Huyu ndiye?" Vijana wakaondoka wakisonya. Yule fundi alimshonea babu suruali ya kaki ambayo alizikwa nayo mtu mwingine kabisa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Sisemi kwamba kiambishi kimoja kiliwaokoa Waganda wote waliokuwa nchini. Sina ushahidi huo. Ninachosema ni kwamba babu, aliyeishia darasa la nne, aliokota hoja kutoka redioni na ikatosha kuwazuia vijana watatu siku moja. Kama redio ingetangaza *kuwapiga*, angeokota nini?

Sasa nirudi relini. Kuanzia Novemba ile, shangazi anasema, babu alianza kurudi nyumbani usiku. Mabehewa yalikuwa yanaingia yamefunikwa turubai, yanapelekwa moja kwa moja upande wa bandari ya Mwanza Kusini. Askari walijaa stesheni, wengine watoto wa mgambo hata ndevu hazijaota, wameshika magunia yao, wanauliza ziwa hili lina mwisho? Karani wa mizigo huona uzito wa kila kitu. Alijua.

Januari 1979 jeshi letu lilikuwa limefika Mutukula, mpakani, na tarehe 24 Februari likauteka Masaka, ndani kabisa ya Uganda. Msimamo rasmi wa nchi ulikuwa kwamba wanaopigana huko ndani ni Waganda wenyewe, wale waliomkimbia Amin, wanaikomboa nchi yao. Ni kweli walikuwapo, na wengine walipigana kiume. Lakini waliokuwa wengi na wenye mizinga mikubwa walikuwa wametoka Tabora na Songea na Musoma, na walipita mbele ya dirisha la ofisi ya babu.

Nimejaribu sana kuuona usiku wa namna ile. Babu anarudi, anavua viatu, anakula ugali wake na sato, anafungua redio. Redio inasema Waganda wanasonga mbele. Bibi anamuuliza, "Ndivyo?" Na babu anajibu, "Redio imesema hivyo." Shangazi anasema alikuwa akijibu vivyo hivyo kila mara, kwa sauti ileile, na kwamba bibi alikuwa akiridhika, kwa sababu katika nyumba ile "redio imesema hivyo" ilikuwa na maana mbili na wote wawili walizijua.

Nilipokuwa chuo niliona ni uongo tu wa serikali, basi. Siku hizi nagawa. Kuna kunyamaza kwa lazima: kikosi kiko wapi, kitavukia wapi, meli inaondoka saa ngapi. Mtangazaji anayesema hayo anaua. Hilo halina mjadala, na hata Ben Kiko, ambaye ripoti zake kutoka vitani wazee wanazizungumzia kama walikuwa naye kwenye handaki, hakuwa na ruhusa ya kumwaga kila alichokiona.

Lakini kusema kwamba si sisi, hiyo ilikuwa ya kumficha nani? Amin alijua vizuri mizinga inatoka kwa nani. Aliyetakiwa asisikie alikuwa Addis Ababa, kwenye Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ambako kanuni ilikuwa nchi moja isiingilie mambo ya ndani ya nyingine, hata kama huko ndani kunachinjwa watu. Mwalimu alikuwa akiwafikiria marais wenzake. Kwa hiyo babu yangu, ameketi Igogo na mawe yake yaliyoanikwa, alikuwa kama mtoto anayesikiliza mazungumzo ya wakubwa ukutani: maneno yale hayakuwa yake. Redio ilisema kwa Kiswahili lakini ilikuwa inaongea na watu wasiojua Kiswahili.

Ndiyo maana watu walikuwa na redio ya pili ndani ya redio ileile. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa hewani tangu 1957, ya Sauti ya Ujerumani tangu 1963. Babu alisikiliza Dar es Salaam kwa sauti kubwa na London kwa sauti ndogo, sikio limebandikwa kwenye spika. Hakuona usaliti wowote. Ya kwanza ilimwambia tumesimama wapi, ya pili ilimwambia tumefika wapi.

Mwishoni mwa Machi pazia lilichanika kidogo. Libya ilikuwa imeleta askari kumsaidia Amin, na Gaddafi akampa Mwalimu saa 24 awe ameondoa majeshi yake Uganda. Mwalimu aliingia redioni akaliambia taifa kwamba kuingia kwa Walibya hakubadilishi chochote katika msimamo wetu kuhusu Amin. Shangazi anakumbuka kwamba baada ya hotuba ile hakuna aliyesema neno mezani, na babu aliizima redio kabla ya muziki kuanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana muziki wa baada ya habari ulikuwa bure, mawe yakiwa tayari yamefunguliwa.

Na tarehe 29 Machi vita vikaja Mwanza vyenyewe, bila kupitia redioni. Ndege kubwa ya Libya, Tupolev, ilikuja kulipua matangi ya mafuta. Ikakosa. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, ambacho wakati ule kilikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, imefunguliwa 1964. Waliokufa ni swala na wanyama wengine waliokuwa hawana habari na Amin wala Gaddafi. Kutoka Igogo hadi Saanane ni maji kidogo tu. Shangazi anasema kishindo kilitikisa mabati hadi mawe mawili ya babu yaliyokuwa yanaanikwa yakaporomoka uani.

Usiku ule bibi alitundika kanga mbili dirishani juu ya pazia, na kibatari kikawekwa chini ya meza. Walikaa gizani wanasubiri redio. Hapa ndipo ninapoelewa kitu ambacho vitabu haviwezi kunieleza. Walikuwa wamesikia bomu kwa masikio yao. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua limeanguka wapi, watu wa mitumbwi walikuwa wameshaleta habari za swala. Kwa nini basi wakasubiri redio? Nilimuuliza shangazi. Akafikiri, akasema: "Tulitaka kujua kama Dar wanajua kwamba tupo."

Niliandika jibu hilo nyuma ya risiti ya umeme wa Luku na bado ninayo.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Babu alikuwa amezungusha sindano hadi Radio Uganda, akakuta sauti nyingine. Luteni Kanali David Oyite-Ojok, Mganda, alitangaza kwamba serikali ya Amin imepinduliwa. Jeshi lililouteka mji lilikuwa letu. Sauti iliyotangaza ilikuwa yao. Na hapo, lazima niseme, nawavulia kofia waliopanga. Fikiria mtu wa Kampala amejifungia ndani siku kadhaa, anafungua redio, anakuta mgeni anamwambia umekombolewa. Ni kheri asikie kwa mwenzake. Babu, kwa kawaida yake, alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa. Wao wametangaza, sisi tumebeba." Alikuwa anazungumzia mabehewa, lakini nadhani hakuwa anazungumzia mabehewa tu.

Kinachonisumbua ni kilichofuata. Au kisichofuata.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa na kijana aliyechukuliwa mgambo akapelekwa mbele. Hakurudi. Wazazi wake walipata habari kwa askari wawili waliokuja na barua, miezi baada ya watu kucheza ngoma barabarani. Idadi rasmi ya askari wetu waliokufa ni 373, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa ajali na maradhi. Wananchi wa Kagera waliouawa ni wengi kuliko hao. Na ilikuwa redio ileile iliyosoma matangazo ya vifo kila siku: fulani wa Magu anatangaziwa kifo cha mjomba wake kilichotokea Kahama, afike haraka. Watu walizikana kwa redio. Yule mama wa nyumba ya tatu, shangazi anasema, alikaa karibu na redio yetu kila saa ya matangazo ya vifo karibu mwaka mzima, akiwa tayari ana barua mkononi. Alitaka jina lisomwe. Babu aliacha kuanika mawe kwa ajili ya habari akaanza kuyaanika kwa ajili yake. Hawakulisikia.

Silijui deni la redio ya taifa linapimwaje. Najua inaruhusiwa kukopa ukimya wakati wa vita. Wasikilizaji wa Mwanza waliikopesha bila riba, wakitazama mabehewa na kusema redio imesema hivyo. Lakini mkopo hurudishwa. Baada ya vita tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, sukari ikapotea, sabuni ikapotea, mawe ya redio nayo yakapotea madukani, na mikanda ikaendelea kufungwa hata miezi hiyo ilipokwisha. Hilo redio ililitangaza vizuri kabisa.

Mwaka 1994, nikiwa na miaka 13, nyumbani tuliacha kula samaki. Maiti za mauaji ya kimbari zilikuwa zinashuka na Mto Kagera kutoka Rwanda, zinaingia ziwani, na wateja wakawakimbia wauza samaki hata huku kusini. Huko kulikuwa na RTLM, redio ya watu binafsi iliyokuwa inakula sahani moja na wakubwa. Yenyewe haikuwa na adui mmoja. Watutsi iliwaita *inyenzi*, mende, kwa wingi, na mende hana jina. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa, hapahapa nchini, Arusha, iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake. Babu alikufa mwaka huo huo, kabla ya hukumu. Ningependa kujua angesema nini. Nadhani angeuliza tu kama mahakamani walicheza zile kanda.

Redio ya babu niliipeleka kwa fundi mmoja mtaa wa Makoroboi. Akakwangua chumvi ya mawe ya zamani, akabadilisha springi mbili, akakataa kuniuzia kitambaa kipya cha spika kwa sababu, alisema, hicho kilichopo ni cha uhakika kuliko roho yangu. Elfu kumi na tano. Jioni nikampigia shangazi aje. Nikatia mawe mapya, nikazungusha. Muda mrefu ilikuwa mikwaruzo mitupu, kama dagaa wanakaangwa. Kisha karibu na mwisho wa sindano, sauti ya mwanamume ikatokea, mbali, inaongea Kiganda harakaharaka, inapotea, inarudi.

Shangazi akainamisha kichwa, akasikiliza vile alivyokuwa akisikiliza babu, sikio limegusa spika.

"Waganda hao," akasema. "Hebu ongeza sauti."